Cherehani Haivuti Mfarishi: Tafuta Tatizo Kuanzia Nje Kuingia Ndani

Cherehani iliyoshona magauni ya kitenge mwaka mzima bila lawama inaweza kugoma siku ya kwanza unapoiwekea mfarishi, yaani tandiko la viraka lenye pamba katikati na shuka chini. Mishono inakuwa midogo mpaka inapandana. Viraka vya juu vinasukumwa mbele ya mguu wa cherehani na kujikunja. Ukigeuza kazi, shuka la chini lina mapindo yaliyoshonewa humo humo. Wengi hapo huinuka kutafuta bisibisi. Naomba bisibisi ikae kabatini kwanza, maana mara nyingi cherehani haina ugonjwa wowote. Imepewa mzigo ambao haikupangwa kuubeba namna hiyo.

Utaratibu nitakaoufuata hapa ni wa kutoka nje kuingia ndani: uzito wa mfarishi wenyewe, kisha namna ulivyoushikiza, kisha mguu na urefu wa mshono, kisha sindano na uchafu, na meno mwisho kabisa. Ukiruka hatua utafungua skrubu ambazo hazikuwa na kosa, na kuzirudisha mahali pake ni kazi kuliko kuzifungua.

Cherehani inavuta vipi?

Chini ya mguu kuna safu mbili au tatu za meno ya chuma. Yanapanda juu ya bamba (kile kipande cha chuma chenye tundu la sindano), yanasogea kuelekea nyuma yakiwa yameshika kitambaa, yanashuka chini ya bamba, kisha yanarudi mbele yakiwa matupu. Mzunguko huo wa hatua nne ulibuniwa na Mmarekani Allen B. Wilson, aliyepata hataza yake mwaka 1854, na karibu kila cherehani iliyopo leo Dar es Salaam, iwe ya kukanyaga au ya umeme, inafanya kazi kwa namna hiyo. Meno yanavuta wakati sindano iko juu, nje ya kitambaa. Kazi ya mguu ni kukibana kitambaa kwenye meno, basi. Wenyewe hauvuti chochote.

Sasa angalia mfarishi. Juu kuna viraka, katikati pamba ya mita au blanketi jepesi, chini shuka. Meno yanagusa shuka la chini peke yake. Viraka vya juu havijaguswa na jino lolote. Vinafuata kwa sababu tu vimelala juu ya pamba, na wakati huohuo mguu ulio juu yake unavizuia. Shuka linakwenda, viraka vinachelewa. Kila sentimita kumi unapoteza kidogo, na ukifika ukingoni una kitambaa cha ziada kisicho na pa kwenda. Ukishaielewa picha hii, karibu kila dawa iliyoandikwa hapa chini itajieleza yenyewe.

Jaribio la kwanza: vipande viwili

Kabla ya kugusa kitu chochote, fanya majaribio mawili madogo.

La kwanza: kata vipande viwili vya kitambaa kimoja cha pamba, kila kimoja sm 30 kwa sm 10. Viweke kimoja juu ya kingine, ncha zilingane, ushone katikati kwa urefu wote bila kuvuta wala kusukuma. La pili: tengeneza mfarishi mdogo wa sm 30 kwa sm 20 ukitumia vitu vilevile vya kazi yako halisi, yaani viraka vilevile, pamba ileile, shuka lilelile. Shona mistari mitatu.

Vyote viwili vikipita vizuri, cherehani yako ni nzima na tatizo liko kwenye uzito au ushikizaji. Soma sehemu mbili zinazofuata, huenda usihitaji nyingine. Kile cha kwanza kikipita na mfarishi mdogo ukakwama, nenda kwenye urefu wa mshono, mguu na sindano. Vyote vikikwama, hata kile chembamba, basi kuna uchafu, au meno yameshushwa, au kuna kitu kimelegea ndani.

Usitupe mfarishi huo mdogo. Utaushonea kila unapobadilisha kitu kimoja. Nimesema kimoja: ukibadilisha vitatu kwa mpigo na kazi ikanyooka, hutajua kilichokuponya.

Uzito unaoning'inia

Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita ukining'inia pembeni mwa meza unavuta kwa nguvu kuliko meno yanavyoweza kushindana nao. Meno yanapanda, yanashika, lakini kazi haiendi, au inakwenda nusu ya mwendo. Hapo ndipo mishono midogo inapotokea sehemu moja na mirefu sehemu nyingine, kulingana na ulivyokuwa umekaa mfarishi dakika hiyo.

Sogeza meza ya cherehani hadi ukutani ili kazi isidondoke kwa nyuma. Weka meza nyingine, au hata viti viwili vyenye urefu unaokaribia ule wa meza, upande wako wa kushoto. Cherehani ya kukanyaga ina ubao mdogo, kwa hiyo meza ya pembeni ni lazima. Sehemu iliyo upande wa kulia, inayopita chini ya mkono wa cherehani, ikunjekunje kwa kulegea. Wapo wanaoiviringisha kama mkeka na kuifunga. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mviringo mgumu unagonga mwili wa cherehani na kuzuia kazi isizunguke. Sehemu inayokujia kifuani ipandishe begani au uilaze mapajani, ili eneo la sm 20 hadi 30 kuzunguka sindano liwe limelala bapa, halivutwi na upande wowote.

Mikono yako kazi yake ni kuulisha mfarishi kuelekea mguuni. Usiuvute kutoka nyuma hata kama unaona hauendi. Ukivuta, sindano inapinda kidogo, inagonga bamba, inavunjika. Na kipande kikirudi usoni ni hatari. Shona urefu wa vidole vitatu au vinne, simama sindano ikiwa chini, panga upya uzito, endelea. Ni kazi ya polepole, na kwa joto la Dar la Januari ni ya jasho pia. Jasho lenyewe ni tatizo: mikono yenye unyevu inagandia kwenye viraka na kuvivuta bila wewe kujua. Kuwa na taulo dogo karibu. Feni ielekeze kwako, isipulize juu ya kazi, maana inainua ncha na kuzipeleka chini ya mguu.

Kushikiza, na vitambaa vyetu

Hapa ndipo mifarishi mingi inapoharibika kabla haijafika kwenye cherehani. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu na chenye utelezi. Kanga ni nyepesi na husinyaa ikifuliwa. Shuka la mitumba kutoka Ilala mara nyingi limechanganywa na polyesta na limeshafuliwa mara nyingi, halisinyai tena. Ukiviunganisha vitatu hivyo bila kuvifua, kimoja kinateleza, kingine kinang'ang'ania, na baada ya kufua mfarishi unajikunja wenyewe. Fua vyote kwanza, kila rangi peke yake, hasa nyekundu na buluu iliyokolea. Anika, piga pasi.

Kwa katikati, Dar es Salaam hakuna anayehitaji pamba nene. Pamba nyembamba ya mita, flaneli, au blanketi la zamani lililochakaa linatosha kabisa na linapita chini ya mguu bila ugomvi. Sponji nyembamba iepuke kama bado unajifunza: inaminywa na kurudi, na ikigusana moja kwa moja na mguu au meno inanata. Ukiwa huna budi, ifunike pande zote mbili kwa kitambaa.

Tandika shuka la chini kwenye sakafu safi, uso ukiangalia chini, ulivute kidogo mpaka liwe bapa na ulibane kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Usilivute hadi likaze; ukilikaza, ukiliachia litarudi na kukunja kila kitu kilicho juu yake. Laza pamba, kisha viraka. Funga kwa pini za kufunga kuanzia katikati kwenda nje, nafasi ya kiganja kimoja kati ya pini na pini, takriban sm 10. Pini ndogo za chuma laini zinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Chagua zisizo na kutu, kwani unyevu wa pwani hauchelewi kuacha alama ya kahawia kwenye kitambaa cheupe. Asiyependa pini ashikize kwa mkono kwa mishono mirefu ya uzi mweupe, mistari ikiachana kwa kiganja hichohicho.

Unaposhona, anza na mstari wa katikati, kisha enda upande mmoja, geuza, enda upande mwingine. Mistari sambamba ishonwe yote kutoka upande uleule. Ukishona mmoja kushuka na unaofuata kupanda, viraka vitasukumwa kinyume na utaona mawimbi ya mshazari kati ya mistari. Pasi haiyaondoi.

Urefu wa mshono

Kwa kuunganisha viraka mm 2 hadi 2.5 inatosha. Kwa kushona matabaka matatu, weka mm 3 hadi 3.5. Unene unakula sehemu ya kila hatua, hivyo mm 2.5 kwenye mfarishi huonekana kama 2 au pungufu. Kama cherehani yako haihesabu kwa milimita, shona mstari kwenye mfarishi mdogo, pima inchi moja kwa futikamba, uhesabu: mishono minane ni sawa, kumi na miwili ni mingi mno.

Kwenye cherehani nyeusi za Butterfly na Singer za zamani, kishikio cha urefu wa mshono ndicho hichohicho cha kurudisha nyuma, na kinashikwa na skrubu ndogo ya vidole. Ikilegea, kishikio kinateleza polepole kuelekea sifuri kadiri cherehani inavyotikisika. Mtu anaapa kwamba cherehani "imekufa", kumbe kishikio kimeshuka. Kaza.

Mguu

Kwanza jambo la aibu kidogo: hakikisha mguu umeshushwa. Mfarishi ni mnene kiasi kwamba mguu ulioinuliwa unaonekana kama umeshuka. Mguu ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi wa juu vimeachia, na matokeo yake ni fungu la nyuzi chini ya kazi ambalo linakwamisha meno kabisa.

Kisha mgandamizo. Juu ya kichwa cha cherehani, upande wa kushoto, juu ya fito inayoshika mguu, kuna skrubu ya kuzungusha kwa vidole (katika baadhi ya cherehani za umeme ni kirungu chenye namba). Inabana springi. Kwa mfarishi, unene wenyewe tayari umeisukuma springi juu, kwa hiyo mgandamizo umeongezeka bila wewe kugusa kitu. Ilegeze nusu mzunguko, shona mstari kwenye mfarishi mdogo, angalia. Nusu nyingine, angalia tena.

Mgandamizo mkubwa unajulikana kwa wimbi la kitambaa mbele ya mguu na alama za meno upande wa chini. Mgandamizo mdogo unajulikana kwa kazi kuyumba kushoto na kulia, mishono isiyolingana, na mwishowe meno kuzunguka bila kushika chochote. Unatafuta mahali pa katikati, na mahali hapo hubadilika kila ukibadilisha pamba. Baadhi ya cherehani za Singer hazina skrubu bali kitufe chenye pete: ukibonyeza pete mgandamizo unaachia wote, ukibonyeza kitufe cha kati unaongezeka kidogo kidogo.

Pale mishono ya viraka inapokutana, kuna kinundu. Mguu ukikipanda, ncha yake ya mbele inainuka, kisigino kinakosa pa kukanyaga, na meno yanasota. Kunja kipande cha kitenge hadi kifikie unene wa kinundu, kiweke chini ya kisigino cha mguu ili ulale sawasawa, shona polepole mpaka uvuke, kitoe. Kwenye viraka vijavyo, fungua mishono kwa pasi pande zote mbili badala ya kuilaza upande mmoja.

Mguu wa kutembea ndio kifaa ninachoona kinastahili fedha kuliko vingine vyote kwa kazi hii. Una meno yake juu, yanayosogeza viraka sambamba na meno ya chini. Kabla ya kununua, shusha mguu ulio nao na upime kutoka kwenye bamba hadi katikati ya skrubu inayoushika. Ikiwa ni kati ya nusu inchi na robo tatu, cherehani yako ni ya shina fupi, na Butterfly ya kawaida imo humo. Ikiwa ni inchi moja au zaidi, ni shina refu. Ukinunua usiolingana hautafungika. Unapoufunga, mkono wake mdogo lazima ukae juu ya skrubu inayoshika sindano, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sindano ndiko kunakouendesha. Mkono ukiachwa chini au pembeni, mguu huo hauna faida yoyote. Shona taratibu, usirudi nyuma nao.

Hata hivyo, mguu wa kutembea hauponyi mfarishi unaoning'inia.

Sindano

Sindano iliyochakaa inasukuma kitambaa kabla ya kukitoboa, na msukumo huo unaonekana kama meno hayavuti. Weka mpya, namba 90/14. Kwa blanketi au kitenge kizito, 100/16. Za nyumbani na za cherehani za kiwandani si za aina moja: za nyumbani zina shina lililokatwa bapa upande mmoja, nyingi za kiwandani ni duara. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Ipandishe hadi ifike juu kabisa, kisha kaza.

Uchafu

Ikiwa jaribio la kipande chembamba lilishindwa, anza hapa. Chomoa umeme. Toa sindano na mguu, fungua skrubu za bamba na uliinue. Kati ya safu za meno utakuta vumbi la pamba lililoshindiliwa mpaka limekuwa gumu, na pamba ya mfarishi inalileta haraka kuliko kitambaa cha kawaida. Vumbi hilo linajaza nafasi iliyo chini ya bamba, hivyo meno hayawezi kushuka wala kupanda kikamilifu. Likwangue kwa kijiti cha meno, litoe kwa brashi ngumu ndogo. Usipulize kwa mdomo: mvuke wa pumzi unabaki kwenye chuma, na huku pwani chuma hakihitaji msaada wa kushika kutu. Toa na bobini, safisha nyumba yake.

Kisha mafuta. Ya cherehani tu, yale meupe mepesi, tone moja kila kiungo. Mafuta ya kupikia na ya nazi yanaganda na kunata, na nimeona cherehani nzuri zikishindwa kuzunguka kwa sababu yake. Zikishaganda hivyo, tone la mafuta ya taa kwenye viungo vya chuma, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka lilegee, futa yote, kisha tia mafuta ya cherehani. Mafuta ya taa yasiachwe humo kama ndiyo ya kulainisha, na yasikaribie mota wala nyaya. Shona kitambaa kibovu kwa dakika chache kabla ya kurudisha mfarishi.

Meno yenyewe

Rudisha bamba. Zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako mpaka meno yafike juu kabisa, kisha tazama kwa usawa wa bamba. Jino zima linapaswa kuonekana juu ya bamba, karibu mm 1. Kama hayaonekani kabisa, angalia kama kuna kitufe au kirungu cha kuyashushia. Mara nyingi mtu aliyashusha kwa ajili ya kudarizi akasahau kuyapandisha.

Chukua karatasi, iweke chini ya mguu bila uzi, shusha mguu, zungusha gurudumu mara kadhaa. Karatasi itakuwa na alama za meno. Zikiwa nzito upande mmoja na hafifu upande wa pili, meno yameinama au skrubu zinazoyashika zimelegea, zikaze. Pitisha ukucha juu ya meno: yakiwa laini, yamekwisha, badilisha.

Kwa cherehani ya kukanyaga, tazama pia mkanda. Ukilegea unateleza kwenye gurudumu kila inapofika sehemu nene, na cherehani inasimama wakati miguu yako inaendelea. Kata sentimita moja, toboa tundu jipya, funga tena kwa kile kiwaya chake.

Mishono ya kuzungukazunguka

Ukitaka kuchora maua kwa sindano, mambo yanageuka: meno yanashushwa, urefu wa mshono unawekwa sifuri, mguu wa kudarizi unafungwa, na mikono yako ndiyo inayosogeza. Kwa cherehani isiyoshusha meno, yafunike meno hayo kwa kipande cha kadi ya plastiki chenye tundu la sindano, kilichobandikwa juu ya bamba. Mguu wa kutembea hauhusiki hapa.

Fundi

Kuna mambo mawili nisiyokushauri kuyagusa: muda wa meno (yaani yanasogea wakati gani ukilinganisha na sindano) na muda wa ile ndoano iliyo kwenye bobini inayonasa uzi wa sindano. Dalili ya muda wa meno kukosewa ni kwamba kitambaa kinasogea huku sindano ikiwa bado ndani yake. Unaweza kuliona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Hapo mwite fundi cherehani, na mpe mfarishi wako mdogo ajaribie juu yake, maana akijaribia kitambaa kimoja atakuambia cherehani haina shida. Mwonyeshe pia skrubu zozote ulizozigusa. Kabla hajafungua kitu, mwombe aweke alama ya msumari au wino mahali kila skrubu ilipokuwa, na mkubaliane bei ya kazi na bei ya vipuri kila moja kivyake.